Benki au saiti? Majibu kwa wenye shahada na kazi isiyo ya shahada

SWALI: Nilihitimu uhandisi ujenzi mwaka 2021. Tangu 2022 niko benki hapa Mwanza, dawati la huduma kwa wateja, ajira ya kudumu, mshahara wa msingi 950,000. Nadaiwa na Bodi ya Mikopo, na nina mkopo wa wafanyakazi ambao umebaki 3,800,000. Kwa huo wa wafanyakazi nakatwa 180,000 kwa mwezi. Sasa mkandarasi wa barabara amenipa nafasi ya mhandisi msaidizi: mkataba wa mwaka mmoja, 700,000, kulala na kula kambini. Wazazi wanasema nikiacha benki nimerogwa. Mnasemaje?
*Mhandisi wa Kaunta, Mwanza*

JIBU: Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowatisha wazee, na kwa kweli haitishi kama inavyoonekana.

Benki: kwenye 950,000 NSSF inachukua asilimia 10, yaani 95,000. Inabaki 855,000 ya kukatwa kodi, na kwa viwango vya PAYE, kodi ya mshahara, unalipa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Jumla 91,750. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 142,500. Mkononi unapata 620,750, kabla ya rejesho la mkopo wa wafanyakazi.

Saiti: 700,000 ukitoa NSSF 70,000 inabaki 630,000. Kodi ni 20,000 na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, yaani 42,000. Bodi 105,000. Mkononi 483,000.

Kwa hiyo tofauti ya 250,000 kwenye karatasi inashuka hadi 137,750 mfukoni. Mwanza unalipa chumba, nauli na chakula cha mchana; kambini hulipi. Chumba cha 120,000 peke yake karibu kinaziba pengo lote, ilimradi ukiachie kweli. Wengi huenda kambini huku wanalipia chumba mjini "kwa ajili ya vitu", halafu wanashangaa hela haikai.

Kinachouma saiti ni tarehe ya mshahara kuliko kiasi chake. Mkandarasi halipwi kila mwisho wa mwezi. Anapima kazi aliyofanya, anaandaa hati ya malipo, mhandisi mshauri anaikagua na kuidhinisha, ndipo mwenye mradi alipe. Hati ikikwama sehemu moja, mishahara ya kambi nzima inakwama nayo, na miezi miwili mitatu kupita bila kitu si ajabu kwenye kazi hizi. Usimuulize ofisa rasilimali watu kama wanalipa kwa wakati, kwa sababu jibu lake unalijua. Muulize dereva wa tipa au mtunza stoo: mshahara wa mwisho uliingia tarehe ngapi, na ule wa kabla yake? Kisha weka akiba ya miezi mitatu kabla hujaondoka. Kwa upande wako ni rejesho la 180,000 na kama 70,000 ya simu na nyumbani. Mara tatu ni 750,000.

Na huo mkopo wa wafanyakazi uutazame leo, usisubiri siku ya kuaga. Mikopo hii huwa na riba nafuu kwa sababu wewe ni mtumishi wa benki. Soma kifungu kinachoeleza ukiondoka inakuwaje: riba inapanda kuwa ya mteja wa kawaida, au deni lote linadaiwa papo hapo, au wanaanza kwa kushika stahiki zako za mwisho. Omba kwa maandishi jedwali jipya la marejesho. Rejesho likiruka hadi 240,000, hesabu yetu hapo juu inabadilika, na akiba nayo.

Sasa jambo ambalo hukulitaja, na kwetu ndilo lenye uzito kuliko yote. Tanzania huwi mhandisi kwa shahada. Unasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha unatumikia mafunzo ya vitendo, kwa kawaida miaka mitatu chini ya mpango wa SEAP, ndipo uombe kuwa mhandisi mtaalamu. Bila hatua hiyo ya mwisho utakuwa msaidizi wa mtu hata ukiwa na mvi. Miaka yako ya kaunta haihesabiki hata siku moja humo. Wazee wanaona 137,750 unazopoteza kila mwezi, wala hawaoni kwamba hiyo miaka mitatu haijaanza, na ukikaa benki hadi 2030 itakuwa bado mitatu.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa mkandarasi ni hili: saiti ina mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa, na yuko tayari kunisimamia na kusaini kitabu changu cha kumbukumbu za kazi? Taka jina lake na namba ya usajili, uihakiki ERB. Kama mhandisi pekee kambini ni jina lililoandikwa kwenye hati za zabuni na haonekani saiti, utafanya mwaka mzima wa vumbi bila ukurasa mmoja uliosainiwa. Kwa hali hiyo baki benki, tafuta saiti nyingine.

Usajili wa mhandisi mhitimu hauhitaji uache benki. Fanya mwezi huu. Sheria hairuhusu mtu kufanya kazi kama mhandisi bila usajili, kwa hiyo mkandarasi makini atakuomba cheti hicho mapema.

Kisha jipime kama bado unakumbuka kazi. Bila simu: nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito gani? Kipenyo mara kipenyo, gawa kwa 162, unapata kilo 0.89 kwa mita, kama kilo 10.7 kwa nondo, na tani moja inatoa nondo 93 na kipande. Kyubu za zege, vile vipande vya kupimia uimara, zinavunjwa siku ya ngapi? Ya 7 na ya 28. Unaweza kusimamisha levo, kifaa cha kupimia usawa wa ardhi, na kufunga hesabu ya vipimo hadi kosa lionekane? Ukikwama kwenye mawili kati ya haya, tumia jioni za mwezi mzima kurudia kabla hujatia saini popote. Foremani atakujua siku ya kwanza, na akishakudharau, kumrudisha ni kazi.

Mkataba usome kwa jicho la mwizi. Kwanza, ni wa muda maalumu au wa kazi maalumu? Wa kazi maalumu unaisha kazi hiyo inapoisha, hata kama ni mwezi wa tano. Pili, makato. Ukiona watakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio badala ya PAYE, ujue wamekuandika kama mtoa huduma. Hapo hakuna NSSF, hakuna likizo ya siku 28, na ukiangukiwa na fomu ya zege (mbao za kumwagia zege) itakuwa vigumu kudai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Saitini hilo si jambo la kinadharia. Tatu, "kulala na kula" iandikwe. Ahadi ya mdomo huisha siku mpishi anapoondoka.

Jua pia kwamba ukiacha kazi kwa hiari yako hupati fao la kukosa ajira la NSSF. Fao hilo ni la aliyepoteza kazi bila kutaka na mwenye michango ya angalau miezi 18. Mkataba wa saiti ukikatwa baadaye, michango yako ya benki inahesabiwa humohumo, kwa hiyo hakikisha mwajiri mpya anatumia namba yako ileile ya uanachama. Wengine hufunguliwa mpya, na kuziunganisha ni safari.

Kuhusu kuondoka kwenyewe: anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28, labda mkataba wako unataka zaidi. Usiitoe kabla mkataba mpya haujasainiwa na pande zote mbili na uko mkononi mwako. Ukikataa kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaweza kukata fedha hizo kwenye stahiki zako. Dai hati ya utumishi. Ni haki yako hata kama meneja amenuna.

Kabla ya yote hayo, bisha mlango mmoja wa ndani. Benki kubwa huwa na watu wanaosimamia ujenzi na ukarabati wa matawi, na wengine wanaokagua maendeleo ya majengo yanayojengwa kwa mikopo. Kama kitengo hicho kina mhandisi mtaalamu anayeweza kukusimamia, uhamisho wa ndani ni bora kuliko kambi. Kama hakuna, tungeenda saiti, ila si mwezi huu: akiba ikishafika 750,000, cheti cha ERB kikiwa mkononi, na jina la msimamizi likiwa limehakikiwa.

SWALI: Nina shahada ya kilimo. Ajira zilipochelewa niliomba Mtendaji wa Kijiji kwa cheti cha chini, nikapata, niko ngazi ya mshahara ya TGS B mwaka wa pili. Zikitangazwa nafasi za Afisa Kilimo kwenye Ajira Portal, naweza kuomba kimyakimya?
*Mtendaji, Morogoro*

JIBU: Kimyakimya hapana, ndugu yetu. Soma mwisho wa tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira, pale watu wanaporuka. Linasema walio tayari kwenye utumishi wa umma katika nafasi za kuingilia hawaruhusiwi kuomba, na wanaelekezwa kwenye waraka wa tarehe 30 Novemba 2010. Sharti jingine linasema mtumishi aliyepata sifa za kuingia kada tofauti apitishe barua yake kwa mwajiri. Ukijaza kama mtu asiye na ajira, unaweza kufika hadi kupangiwa kituo, halafu mambo yaharibike wakati wa kuingizwa kwenye mfumo wa mishahara, kwa sababu jina lako limo tayari. Hapo utakuwa umezisumbua ofisi mbili kwa mpigo.

Njia yako ni kubadilishwa kada. Tatizo la kwanza tunalihisi: shahada haimo kwenye jalada lako, maana uliiacha nyumbani ulipoomba. Ipeleke. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri kupitia kwa mtendaji wa kata, ambatisha nakala iliyothibitishwa, omba iwekwe kwenye kumbukumbu. Andika ukweli kuhusu mwaka uliohitimu. Tarehe iko kwenye cheti chenyewe.

Halafu barua ya pili, ya kuomba kubadilishwa kada. Hii inategemea kama halmashauri ina nafasi ya Afisa Kilimo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1 na ikama huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua inayofika Juni imeshachelewa. Ifikishe kabla Desemba haijaisha, na mkuu wa idara ya kilimo awe anakujua kabla ya kukusoma. Msaidie kwenye takwimu za mazao na uandikishaji wa wakulima wa mbolea ya ruzuku katika kijiji chako. Hiyo ni kazi unayoigusa tayari kama mtendaji. Mtu anayehitaji mkono ndiye anayekumbuka kukuombea nafasi.

Usiache kazi ili uwe "huru kuomba". Tumeulizwa hilo mara nyingi, na jibu halijabadilika.

SWALI: Binti yangu ana shahada ya uhasibu na ni keshia supamaketi. Baba yake anataka aache, akajitolee ofisi ya uhasibu bila malipo. Nishaurini.
*Mama, Moshi*

JIBU: Shikamoo mama. Uhasibu haufanani na uhandisi wa kijana wa Mwanza. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ya kuelekea CPA (cheti cha mhasibu mtaalamu) hufanyika Mei na Novemba, na anayeuza sabuni mchana anaruhusiwa kuifanya sawa na aliye ofisini. Mshahara wa keshia ndio utakaolipa ada. Akijitolea bila malipo, ada italipwa na nani? Labda baba. Muulize hilo kwanza.

Aanze na kupeleka cheti na matokeo ya shahada NBAA, aelezwe ataingilia ngazi ipi na masomo gani amesamehewa. Asikisie. Kisha achukue masomo machache kwa kila awamu. Wanaofanya kazi za zamu na kubeba masomo yote kwa mkupuo hurudia zaidi kuliko wanavyofaulu.

Uzoefu wa vitendo atauhitaji baadaye, na chumba cha nyuma cha supamaketi kinao. Kila usiku mashine ya EFD inatoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, na kuna mtu anayeilinganisha na fedha taslimu, miamala ya simu na kadi. Aombe kufundishwa kazi hiyo zamu yake ikiisha. Ritani ya VAT inatakiwa ifike TRA si zaidi ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kuanzia tarehe 15 mhasibu wa duka huwa hana usingizi. Siku hizo ndizo za kumwendea na kusema, "Nipe faili la ankara za manunuzi nikupangie."