Jinsi kampuni ndogo ya tiba inavyoweza kulifikia jeshi la Marekani na fedha zake

Ndugu yangu, umeuliza kampuni yenu ndogo iliyoko Marekani, yenye kifaa cha kupasha damu joto kabla majeruhi hajaongezewa, ibishe hodi wapi ili ipate fedha za jeshi. Na mshirika wenu mwenye kingamwili dhidi ya kimeta apite njia gani. Niliandika maandiko ya miradi ya aina hiyo kwa miaka sita katika kampuni ya watu kumi na wawili, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyapitia.

Kosa letu lilikuwa kujenga kifaa kabla ya kumjua anayekihitaji. Tulishinda hatua ya kwanza ya SBIR, mpango ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1982 ili kampuni ndogo zipate sehemu ya fedha za utafiti za serikali, tukashinda na ya pili, tukaamini ya tatu itafuata yenyewe. Haikufuata. Hatua ya tatu haina fedha za SBIR: ni lazima ofisi fulani iwe na fungu lake la kukiendeleza au kukinunua kifaa, na hapo ndipo inapoweza kukupa mkataba bila kukushindanisha upya. Hapakuwa na ofisi iliyokuwa imeandika popote kwamba inahitaji kitu kama chetu. Fedha za utafiti na fedha za ununuzi hukaa katika mafungu tofauti, na aliyetupa za kwanza hakuwa na mamlaka juu ya za pili.

Aliyetufumbua macho ni tabibu mstaafu wa kikosi. Tulimwekea kifaa mezani. Akavaa glavu nene, akaomba taa zizimwe, akaanza kupapasa. Swichi yetu ilikuwa ndogo mno, kidole chake kikaipita mara tatu. Kisha akauliza betri hudumu kwa muda gani kwenye baridi kali, na ni kitu gani akitoe mkobani ili chetu kipate nafasi. Swali hilo la mwisho ndilo ninaloliona zito kuliko yote, na andiko lisilolijibu halistahili kutumwa.

Mkishalijibu, itazameni MTEC, konsotia, yaani muungano wa kampuni na taasisi, inayoshirikiana na kamandi ya utafiti wa tiba ya jeshi la nchi kavu iliyopo Fort Detrick, Maryland. Wanachama hulipa ada, na fedha hupita katika mikataba ya OTA, isiyofungwa na kanuni za kawaida za ununuzi wa serikali. Msijidharau kwa udogo wenu: katika mikataba hiyo, kampuni isiyozoea kazi za ulinzi ikishiriki kwa kiwango kikubwa, ushiriki wake huweza kumwondolea mkandarasi mkubwa sharti la kuchangia theluthi moja ya gharama. Wakubwa wanalijua hilo, nao huwatafuta wadogo.

Mshirika wenu yuko katika hali nyingine, kwa sababu mnunuzi mkuu wa dawa ya kimeta ni serikali yenyewe. Baada ya barua zenye kimeta za mwaka 2001 ilipitishwa mwaka 2004 sheria ya Project BioShield, ya kuiwezesha serikali kununua dawa za kujikinga na mashambulizi ya aina hiyo, kisha mwaka 2006 ikaundwa BARDA, ofisi inayogharimia uendelezaji wa dawa hizo, chini ya Wizara ya Afya, si ya Ulinzi. Kwa kuwa haiwezekani kumwambukiza mtu kimeta kwa ajili ya majaribio, kanuni ya mwaka 2002 ya FDA, mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, huruhusu ufanisi uthibitishwe kwa wanyama, huku usalama ukipimwa kwa binadamu. Raksibakumabu, kingamwili dhidi ya kimeta kama ya mshirika wenu, iliidhinishwa kwa njia hiyo mwaka 2012. Azungumze na FDA mapema kuhusu mnyama wa kumtumia, kwa maana jaribio lililofanywa kwa mnyama asiyekubalika hurudiwa lote.

Kabla ya hayo yote, jisajilini katika SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kuwasajili wanaotaka mikataba yake. Jina letu lilitofautiana na hati za usajili wa kampuni kwa nukta moja tu, na marekebisho yakachukua wiki tano, huku tarehe ya mwisho ya zabuni ikipita tukiitazama.