Hedifoni ya kazini: angalia maiki kwanza, ukimya baadaye

Wiki iliyopita nimerudishiwa mteja wangu wa Lubumbashi. Mtu wa clearing and forwarding, hii kazi yetu ya kuwatolea watu mizigo bandarini, akisoma hapo anaelewa maana yake, maana mteja anayeshusha makontena Dar kila mwezi ukinyang'anywa ni kama umekatwa mshahara. Nikaweka status picha ya hedifoni yangu iko mezani ikiwa imewaka ile taa nyekundu, na tangu siku hiyo simu haipumui, kaka ni kampuni gani, bei gani, zinazuia kelele kweli, na mimi nifanye kazi wapi nipate za hivyo. Mmoja mmoja siwezi kuwajibu, nawajibu wote hapa.

Ofisi yetu iko Kurasini. Aliyewahi kukaa Kurasini mchana hahitaji maelezo, malori ya makontena yanaenda na kutoka bandarini mfululizo, mengine yanasimama chini ya dirisha injini inanguruma tu dereva kaenda kula, umeme ukikatika jenereta la jengo liko upande wangu, juu kuna pangaboi kwa sababu AC hiyo ni ya chumba cha bosi, na sisi meza zinatazamana kila mtu anaongea na mteja wake kwa sauti ya kushindana na mwenzie. Hapo ndo unatakiwa umsomee mtu namba ya kontena, herufi nne na tarakimu saba, na ile ya mwisho ni ya kuhakiki kwa hiyo ukisikika vibaya tarakimu moja tu mfumo unaikataa, mteja anarudi kwako amechukia.

Siku waliyoninyang'anya huyo mteja tulikuwa kwenye mkutano wa mtandaoni wa Teams, yeye na mwenzake kule, huku mimi na msimamizi wangu. Nimeanza kutoa taarifa ya mzigo, mzee ananikatiza, "Siko nakusikia muzuri kaka, uko ku soko?" Nikarudia. Akakatiza tena. Msimamizi akachukua maongezi akasema mbele ya wote, mteja anasikia, ofisi nzima inasikia, kwamba mwenzetu leo anaongea akiwa barabarani, na faili likahamia kwa jamaa anayekaa chumba cha nyuma kwenye utulivu. Kiukweli iliniuma na hata sasa naandika inaniuma. Nyaraka zangu zilikuwa sawa. Mzigo wa huyu mzee haujawahi kulipishwa storeji, yaani gharama ya kukaa bandarini, kwa uzembe wangu hata siku moja. Nimenyang'anywa kwa sababu ya sauti.

Na kinachowashangaza watu nikiwasimulia ni kwamba siku hiyo kichwani nilikuwa nimevaa hedifoni ya gharama, ya kampuni kubwa ambayo wengi wenu mnaiota, kaka yangu aliniletea kutoka Muscat alipokuja likizo. Ukiivaa na kuwasha ANC, yaani ule mfumo wake wa kuzuia kelele, lori linapotea, jenereta linapotea, unabaki na sauti ya mteja tu masikioni. Mimi nilikuwa namsikia yule mzee kama yuko meza ya pili. Yeye ndo alikuwa ananisikia mimi pamoja na Kurasini yote.

Hili ndilo jambo ninalotaka mlishike, mengine hata mkisahau sawa. Kuzuia kelele kunakoandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa ni kwa ajili ya masikio YAKO. Mteja wako hana faida nako. Mteja anasikia kile maiki yako inachookota, basi.

ANC inafanya kazi hivi: kuna vimaiki vidogo kwenye hedifoni vinasikiliza kelele ya nje, halafu hedifoni inatengeneza wimbi la sauti lililo kinyume cha ile kelele, mawimbi mawili yakikutana yanafutana. Amar Bose, yule mwanzilishi wa kampuni ya Bose, wazo hili lilimkaa kichwani akiwa kwenye ndege akitoka Zurich mwaka 1978 baada ya kuvaa hedifoni za ndege na kukuta ngurumo za injini zinaharibu kila kitu, na za kwanza kuuzwa mwaka 1989 zilikuwa za marubani, sisi raia wa kawaida tukafikiwa na hedifoni zao za QuietComfort mwaka 2000. Kwa hiyo toka asili hii kitu imetengenezwa kwa ajili ya ngurumo, sauti nzito inayoendelea bila kubadilika. Lori linalounguruma, jenereta, feni, AC, injini ya basi, hapo inafanya maajabu. Lakini honi ya ghafla, mlango kubamizwa, mwenzio wa meza ya mbele anacheka na mteja wake, hizo inapunguza kidogo tu na nyingine zinapita kama zilivyo. Mtu akikuambia ukivaa hizi husikii mtu kabisa, huyo anataka hela yako.

Sasa kuna neno lingine, ENC. Hili ndo la maiki, yaani hedifoni inajaribu kuchuja kelele kwenye sauti unayotuma kabla haijafika kwa mteja. Madukani wanayachanganya yote mawili wanaita noise cancelling, unauziwa earphone ya ENC ukidhani utapata ukimya, au unauziwa ya ANC ukidhani mteja atapata ukimya. Muulize muuzaji moja kwa moja, hii inazuia kelele kwangu au kwa ninayeongea naye? Akibabaika, jibu umeshalipata.

Na hata hiyo ENC ina mwisho wake. Maiki ya hedifoni ya muziki iko kwenye kikombe cha sikio, mbali na mdomo, sauti yako inaifikia imechoka wakati lori linaifikia na nguvu zake zote, programu ikianza kuchuja kelele inakata na sauti yako, mteja anasikia maneno nusu nusu kama mtu anazama kwenye maji. Maiki ya mkono, ile inayoshuka mpaka karibu na mdomo kama wanazovaa watu wa huduma kwa wateja, inaokota sauti yako ikiwa bado kubwa kuliko kelele, kwa hiyo kazi ya kuchuja inakuwa ndogo. Najua vijana hamzipendi, mnaona kama ni za call center. Mimi nawaambia hivi, aliyenirudishia mteja ni huo mkono mfupi mnaoukimbia.

Niliyonayo sasa ni Jabra Evolve2 75, nimenunua mtumba safi kwa kijana anayeleta vitu kutoka Dubai na nikamlipa kwa mafungu, kwa sababu mpya bei yake ilikuwa imenizidi. Ina ANC, ina mkono wa maiki unaoukunja unapotea ukitaka kusikiliza muziki, na ukiwa kwenye maongezi inawasha taa nyekundu pembeni ya sikio ili wenzako wasije kukugusa bega ukiwa katikati ya kumsomea mtu namba. Hiyo taa pekee imenipunguzia ugomvi. Poly Voyager Focus 2 nayo ni ya aina hiyo hiyo, ina mkono na ina ANC, rafiki yangu wa kampuni ya meli anayo na nimeijaribu, maiki yake ni safi sana. Siwaambii mkanunue hizo hizo, nawaambia mtafute umbo hilo.

Kitu kingine ambacho hakuna muuzaji atakuambia ni tabia ya Bluetooth. Ukisikiliza muziki Bluetooth inatumia njia pana, sauti tamu. Ile maiki ikifunguka tu, Zoom au Teams ikaanza, laptopu inahamia njia ya simu, na njia ya simu ni nyembamba, kwa vifaa vya zamani sauti inachukuliwa mara 8,000 kwa sekunde na kwa vingi vya sasa 16,000, wakati muziki wa kawaida ni 44,100. Ndo maana hedifoni ya laki kadhaa ikiingia kwenye mkutano inageuka redio ya mbao. Haijaharibika. Kama uko chumba kimetulia, ingia kwenye mipangilio ya Teams au Zoom, spika chagua hedifoni, maiki chagua ya laptopu, sauti inarudi kuwa nzuri hapo hapo. Kama chumba kina fujo usifanye hivyo, maiki ya laptopu itaokota mpaka kijiko cha chai. Hizi za ofisini zinakuja na kidude chake cha kuchomeka USB, kitumie, usikiache kwenye boksi, laptopu nyingi Bluetooth yake inakatakata hasa ofisi yenye vifaa vingi.

Namna ya kujaribu kabla hujatoa hela. Nilipokuwa natafuta nilizunguka Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, na kila duka nilikuwa naomba kitu kimoja, niunganishe na simu yangu, nitoke mpaka mlangoni kwenye fujo, nimpigie mwenzangu wa ofisini nimsomee namba ya kontena, na yeye aiandike halafu anisomee alichoandika. Humuulizi kama anakusikia vizuri, watu wana aibu watakuambia ndio. Msomee namba. Kuna duka alinipa kitu kinang'aa kweli, boksi zuri, mwenzangu akapata herufi mbili tu. Muuzaji akikukatalia kujaribu, toka, maduka Kariakoo hayajaisha. Na ukishanunua, kabla ya mkutano wowote mkubwa tumia ile simu ya majaribio ya Teams, inakurekodi halafu inakurudishia sauti yako mwenyewe, usikie wanachosikia wao.

Vijana wenzangu, niseme hili kwa upendo. Tunanunua simu za kamera tatu kwa mkopo, tunavaa viatu vya bei, halafu kifaa kinachokuletea mshahara unanunua cha elfu kumi kwa machinga kwenye foleni. Ukiwa unaongea na mtu wa Lusaka au Guangzhou hakuoni ulivyovaa. Kwake wewe ni sauti tu, sauti ikiwa chafu na wewe mchafu, ndivyo dunia ilivyo na wala haitakuuliza kama nyaraka zako zilikuwa sawa. Usisubiri ofisi ikununulie. Mimi ningesubiri ofisi, yule mzee angekuwa bado wa jamaa wa chumba cha nyuma.

Huna hela kabisa? Earphone ya waya yenye maiki kwenye waya, ile iliyokuja na simu, ukiishika karibu na kidevu bila kuisugua na shati, inaweza kuishinda hedifoni ya gharama kwenye simu, nimeshuhudia. Washa pia ile sehemu ya kupunguza kelele kwenye mipangilio ya Zoom au Teams, ipo. Wenye iPhone, mkiwa kwenye maongezi fungueni Control Center, mtafute Mic Mode, mchague Voice Isolation. Zima pangaboi lililo juu yako, upepo ukipiga maiki hakuna programu itakuokoa.

Joto pia mlifikirie. Zinazofunika sikio lote, Dar hii, bila AC, saa nzima ukiitoa sikio limelowa, na ngozi ile ya bandia ya kwenye mito inabanduka mapema kwa jasho, kwa hiyo uliza kama mito ya kubadilisha inapatikana. Wavaa miwani, mkono wa miwani unainua mto na kelele inapita hapo, na unaumia pembeni ya kichwa, jaribu ukiwa umeivaa. Wengine ANC inawapa hali ya masikio kuziba kama ndege inapopaa, kama ni wewe ipunguze kwenye programu yake au izime, maiki itaendelea kufanya kazi yake.

Nimalizie na dada aliyeniuliza kuhusu hijabu, swali lako nimelipenda kwa sababu hata mke wangu aliliuliza. Mto ukikaa juu ya kitambaa haubani vizuri, ngurumo zinapenya, utapoteza sehemu ya ukimya, hilo halikwepeki. Zile ndogo za kuchomeka sikioni ukizivaa chini ya hijabu utapata ukimya, ila maiki inakuwa imefunikwa na kila ukigeuka inasikika mikwaruzo ya nguo. Kwa kazi yako ya simu kutwa nzima chukua ya mkono, vaa juu ya hijabu, maiki itakaa nje mbele ya mdomo. Nenda dukani na hijabu unayovaa kazini, piga simu hapo hapo, msomee mtu namba huku unageuza shingo kulia na kushoto.