Acheni kupima lita kwa saa, pimeni lita kwa boksi

Mkuu, umeuliza kama muuze richistaka zenu mbili, zile mashine za kuinua na kupanga makontena, mnunue za haibridi (dizeli pamoja na betri), maana hizo mlizonazo zinakunywa dizeli kupita kiasi. Kabla hujaingia mfukoni, nami nikuulize: kila boksi, yaani kontena, linakugharimu lita ngapi? Sisemi kwa saa.

Niliendesha richistaka miaka sita, kisha nikapewa kusimamia zamu. Ofisi yetu ilipima lita kwa saa, na kulikuwa na mashine moja iliyosifiwa kila mwezi kwa kula kidogo. Siku niliyoifuatilia zamu nzima ndipo nikajua siri yake: karibu nusu ya muda imesimama inaunguruma, dereva yuko ndani anapigwa na kiyoyozi akisubiri malori. Injini isiyo na kazi hula kidogo kwa saa, basi kule kukaa bure ndiko kulikoshusha wastani wake. Chukua mfano: moja inakula lita 12 kwa saa na kubeba maboksi 8, nyingine lita 16 na maboksi 14. Ya kwanza ni lita 1.5 kwa boksi, ya pili kama 1.1. Sisi tulimpongeza dereva wa kwanza na kumgombeza wa pili!

Tulipobadili kipimo, madereva wenyewe wakaanza kuzima. Ila turbo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, ikitoka kwenye mzigo mzito ipe dakika 3 hivi ipoe, usizime papo hapo. Na tuambiane ukweli, dereva hazimi mashine ikiwa nje hakuna kivuli. Benchi na feni vilisaidia kuliko matangazo yote ya ukutani.

Kidonda kikubwa zaidi kilikuwa upangaji wa yadi. Boksi la kuondoka kesho likilaliwa na mengine matatu, utainua manne ili litoke moja, halafu yale matatu uyapange upya. Hakuna injini itakayokuokoa hapo. Tena richistaka yenyewe ina uzito wa tani 70 hivi. Ukiituma ihamishe kontena tupu la futi 40, lenye kama tani 4, dizeli inaishia kuibeba mashine. Matupu yana mashine zake nyepesi.

Kwa dereva, ugonjwa ni kukanyaga mafuta huku mguu mwingine uko kwenye breki. Nguvu yote inageuka joto kwenye toki konveta, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Oili ya giaboksi ikichemka ovyo, anza kuuliza hapo, kisha kagua breki zinazong'ang'ania. Upepo wa matairi upime yakiwa yamepoa.

Haibridi siipingi. Kwenye RTG, zile kreni za matairi, umeme unaozalishwa kontena linaposhushwa mara nyingi huchomwa tu kwenye rezista ukapotea kama joto, hivyo betri ina cha kuokota kila mara. Kwa richistaka, mimi ningesubiri. Chukua dizeli ya mwezi uliopita, gawanya kwa idadi ya maboksi, mashine moja moja, ulete namba hapa tuziangalie.