Maswali ya Wasomaji: Sanaa za Mtaani na Upweke wa Mjini

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpangaji Tabata, Dar es Salaam. Mtaani kwetu watu hutoka alfajiri na kurudi usiku, na wengi hatujuani hata kwa majina. Mwaka jana mama mmoja mtu mzima aliugua chumbani kwake siku kadhaa bila jirani yeyote kufahamu. Baadhi yetu tunataka kuandaa tamasha la siku moja la ngoma, picha na mashairi ili watu wazoeane. Je, litasaidia? Na fedha tutazipata wapi?

JIBU: Dada yetu, nia yenu ni njema, lakini nawashauri msianze na tamasha. Tamasha hukusanya umati, na mtu mpweke anaweza kusimama katikati ya umati huo mchana kutwa akarudi chumbani kama alivyotoka. Watu huzoeana mazoezini, yaani wanapokutana siku ileile ya wiki, mahali palepale, kwa kazi ambayo huharibika mmoja wao asipofika.

Jiji lenu linalijua jambo hili tangu zamani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wageni waliokuja Dar es Salaam kutafuta kazi walipokelewa na vyama vya ngoma ya beni, vikiwemo Marini na Arinoti, ambavyo viliwapa wanachama vyeo vya kuigiza jeshi na ufalme, na ambavyo wanachama wake walisaidiana katika ugonjwa na mazishi. Vyeo hivyo vinaweza kutuchekesha leo, lakini mwenye cheo alikuwa na wajibu, na asipoonekana aliulizwa. Wanawake nao walikuwa na ngoma zao. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba, na alipoanza kuwahamasisha wanawake kujiunga na TANU mwaka 1955 alipitia vikundi vya namna hiyo, kwa kuwa humo wanawake walikuwa tayari wanajuana na kuaminiana.

Kuhusu aina ya sanaa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2015 matokeo ya kulinganisha madarasa ya watu wazima ya kuimba na yale ya kazi za mikono na uandishi. Waimbaji walizoeana upesi zaidi, ila baada ya miezi 7 madarasa yote yalikuwa yamefikia ukaribu unaolingana. Kwa hiyo, kama mna mtu anayejua kuongoza nyimbo, anzeni na kuimba. Kama mna fundi wa ususi wa mikeka au wa batiki, anzeni na hiyo, mradi mkubali kwamba mazoea yatachukua muda mrefu kidogo.

Msikiite kikundi cha watu wapweke, kwa sababu hakuna atakayetaka kuonekana akiingia humo. Wala msidhani kwamba walengwa ni wazee peke yao: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 ilieleza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaathiriwa na upweke, na kwamba vijana ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Binti aliyetoka mkoani kuja kuuza dukani huenda akawahitaji kama yule mama aliyeugua. Mgawieni kila mmoja kazi: kutunza ngoma, kuandika maneno ya nyimbo, kufungua ukumbi, kumpitia nyumbani asiyefika. Hiyo ya mwisho ingemfaa sana mama wa mtaani kwenu.

Fedha zinazohitajika mwanzoni ni kidogo kuliko mnavyofikiri. Zungumzeni na mwenyekiti wa serikali ya mtaa juu ya mahali pa kukutania, kisha mwoneni afisa utamaduni wa halmashauri, ambaye pia atawaelekeza namna ya kujisajili Baraza la Sanaa la Taifa mtakapotaka kutumbuiza hadharani. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mkopo. Kikundi kisichouza chochote kisiuguse.

SWALI: Baba yangu, mstaafu wa bandari hapa Mombasa, hatoki nyumbani tangu mama afariki. Nilimpeleka kwenye kikundi cha uchoraji, akaenda mara moja tu. Nifanyeje?

JIBU: Kwanza, kama hapati usingizi, hataki kula au anasema hana haja ya kuishi, mpeleke kwa daktari, kwa maana hapo sanaa haitoshi. Kama ni upweke wa kufiwa, fikiria kwamba mzee aliyefanya kazi maisha yake yote huenda aliona haya kukalishwa na brashi kama mtoto wa chekechea. Muulize alipenda nini ujanani. Mji wenu una watu wa mashairi ya kujibizana tangu enzi za Muyaka bin Haji, mshairi wenu wa kale, na shairi la namna hiyo lina uzuri wake: likishatumwa, mtumaji anasubiri jibu. Mtafute mzee mwenzake anayetunga, umwombe amtumie beti mbili za kumchokoza. Akijibu, mwache huyo mwenzake ndiye amwalike barazani, wewe usimshurutishe.