Kuficha msimbo wa skripti ya PHP unayouza

Ndugu, umeuliza kama base64 (njia ya kuandika data upya kwa herufi na tarakimu) na eval (amri ya PHP inayoendesha maandishi kama msimbo) zinatosha kuficha skripti ya PHP unayowauzia wateja. Hazitoshi hata kidogo: mtu akibadilisha eval kuwa echo (amri ya kuonyesha maandishi), msimbo wote unamwagika kwenye skrini. ionCube, programu ya kulinda msimbo wa PHP, ni afadhali, maana inaugeuza msimbo kuwa baitikodi (maagizo ya kompyuta ambayo mtu hayasomi kirahisi) kisha inaufunga, ila seva ya mteja lazima iwe na ionCube Loader, kiongezi cha PHP kinachousoma msimbo uliofungwa. Muulize kabla hajalipa! Na bado mwenye subira anaweza kuifungua. Mimi ile sehemu inayoleta hela, tuseme hesabu za bei, ningeiacha kwenye seva yangu, skripti ya mteja iwe inaulizia majibu tu kupitia API (njia ya programu mbili kuwasiliana). Asipolipia mwaka unaofuata, unamfungia huko huko.