Umepewa ulezi wa TYCS na zamu ya bweni? Nisikilize kwanza

Mwalimu mwenzangu unayeripoti shule ya masista au ya jimbo la Kanisa Katoliki Januari hii, hongera na karibu sana. Mi niko shule ya bweni ya wasichana mwaka wa 11 sasa, nafundisha Bayolojia na ni mlezi wa TYCS, yaani chama cha wanafunzi Wakatoliki, na karibu kila mwaka naona walimu wapya wanakuja na moyo mzuri kabisa halafu wanafanya kosa lilelile nililofanya mimi, ndo maana naandika.

Mwaka wangu wa pili kulikuwa na binti wa kidato cha kwanza, mdogo wa umbo, sweta limemzidi mikono. Kila usiku prepo ikiisha wenzake wanakimbilia bwenini, yeye anaenda kwenye kikanisa cha shule, anakaa benchi la mwisho upande wa sanamu ya Bikira Maria, rozari mkononi. Nikampenda sana. Nikamsifia hadi mstarini, nikasema mnamwona mwenzenu, muigeni. Ikapita kama mwezi hivi, matroni akaja kuniuliza, mwalimu unajua huyu mtoto halali? Kumbe anakojoa kitandani, na analala juu kwenye dabo deka, kwahiyo mkojo unamshukia wa chini, bweni zima linajua, asubuhi godoro linaanikwa nyuma ya mabafu watu wakipita wanaziba pua. Kikanisani alikuwa anavuta muda wenzake walale ndo aingie. Ile rozari, aliniambia mwenyewe baadaye, alikuwa anaishika tu ili mlinzi asimtoe.

Nililia siku ile. Mtoto kakaa mbele ya macho yangu mwezi mzima anateseka na mi namtangaza kuwa mfano wa sala.

Matroni ndo alimwokoa. Akamhamishia kitanda cha chini karibu na mlango, akatandika nailoni juu ya godoro kabla ya shuka, akawa anamwamsha saa 5 usiku na tena saa 9, tukampeleka zahanati akapimwe mkojo, halafu tukakaa na bweni siku ambayo yeye hayupo tukaongea nao kama dada zake. Ilichukua muhula mzima kukaa sawa. Alipofika kidato cha tatu alikuja mwenyewe kuomba asome somo la kwanza Misa ya Jumapili, wala hakuna aliyemtuma.

Kwahiyo ukifika, usianze na rejista ya nani kaja Misa na nani hajaja. Nenda bwalo uone nani anagawa ugali wake kila siku, siku ya wazazi angalia nani kakaa peke yake na sahani kwasababu hajaja mtu, uliza nani kafiwa likizo iliyopita. Mtakatifu Yohane Bosco, yule padre wa Torino, aliandika mwaka 1884 kwamba haitoshi vijana kupendwa, lazima wenyewe wajue kuwa wanapendwa, na kwenye barua hiyohiyo alikuwa anasikitika kwamba walezi wameacha kukaa na vijana uwanjani wakati wa mapumziko. Mi tangu nisome ile barua nachukua kiti changu jioni naenda kukaa uwanja wa netiboli, nasahihishia madaftari hapohapo. Yaani nimeambiwa mambo mengi pale kuliko miaka yote ofisini.

Halafu hili naomba sana. Usimpe mtoto sala kama adhabu. Kachelewa mstarini, anapigishwa magoti asali rozari nzima, kaongea kilugha, anaandika Baba Yetu mara 50. Unategemea akimaliza shule aikumbuke hiyo sala kwa upendo? Mpe fagio afagie, inatosha.

Na kuungama pia, msipange darasa zima foleni huku mwalimu anaweka tiki. Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 985, zinasema gombera, yaani mkuu, wa seminari au mkuu wa taasisi ya elimu asisikilize maungamo ya wanafunzi wake wanaoishi hapohapo, isipokuwa wao wenyewe wameomba kwa hiari. Ina maana kubwa hii, mtoto hawezi kufungua moyo kwa mtu ambaye kesho anaweza kumsimamisha shule. Kama mkuu wenu ni padre, ongea naye kwa heshima aombwe padre wa parokia ya jirani.

Wapo pia Waislamu, Walutheri, wa kila dhehebu, na hao ni watoto wako vilevile. Kanisa lenyewe linakataza kumlazimisha mtu kuingia imani asiyoikubali. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku chache tu kabla ya Jumatano ya Majivu, siku tunayoanza Kwaresima, ambayo ilikuwa Machi 5, na sisi tulikubaliana na wapishi waweke chakula cha daku pembeni. Wasichana wetu wa TYCS ndo walijitolea kuamka kukipasha.

TYCS yenyewe isiishie kwaya na safari za kongamano. Njia yake ni ile ya Padre Cardijn wa Ubelgiji, ona, amua, tenda. Mwaka mmoja wanachama wangu waliona kuna wenzao wanakosa masomo siku tatu nne kila mwezi kwa kukosa pedi, wakachangishana, sasa kuna boksi kwa matroni, unachukua huandikwi jina.

La mwisho, kuna siku mtoto atakwambia jambo zito, kaguswa vibaya nyumbani au hapohapo shuleni, na ataanza na mwalimu naomba usimwambie mtu. Usimwahidi hivyo. Mwambie nitamwambia yule tu anayeweza kukusaidia, na utajua kabla sijamwambia. Usimalize kimyakimya kulinda jina la shule hata ukishauriwa hivyo na mkubwa wako, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Namba hiyo mi nimeibandika mlangoni kwangu upande wa ndani, ili anayeinakili asionwe na wanaopita.