Utakirudia au utakipita?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Kisoma-vitabu, kishikwambi au kitabu cha karatasi: ukiambiwa uchague, unachagua kipi, na kwa nini?"

Swali hili watu hulijibu kishabiki, kama mpira. Upande mmoja wanasifu harufu ya karatasi, upande wa pili wanasifu kubeba maktaba nzima mfukoni, na mwisho wa mjadala hakuna aliyesaidika. Ningeshauri tuanze na kitabu chenyewe. Shika kile unachotaka kukisoma, ujiulize: nitakipita mara moja toka mwanzo hadi mwisho, au nitakuwa nakwenda mbele na kurudi nyuma, natafuta jedwali, nalinganisha mchoro wa ukurasa wa 40 na maelezo ya ukurasa wa 112? Kinachopitwa kinakaa vizuri kwenye kisoma-vitabu, yaani kifaa cha kusomea vitabu tu, kama Kindle. Kinachorudiwa ni cha karatasi. Kishikwambi kina kazi yake moja kubwa, nayo ni PDF.

Niianze hiyo PDF, maana ndiyo inayowaliza wanunuzi wengi. PDF ni ukurasa uliokwisha kupangwa, kama picha: herufi hazihami zilipo. EPUB, aina ya faili la vitabu-pepe, ni maandishi yanayofuata umbo la chombo kama maji. Ukikuza herufi, mistari inajipanga upya. Sasa chukua PDF ya ukubwa wa A4, yenye upana wa sentimita 21, uiweke kwenye kisoma-vitabu cha inchi 6, ambacho skrini yake ina upana wa sentimita 9 hivi. Ukurasa unabanwa hadi asilimia 43. Herufi iliyochapwa kwa saizi ya 12 inabaki na saizi ya 5, ndogo kuliko maandishi ya ile karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Ukikuza kwa vidole, itabidi usukume ukurasa kulia na kushoto kwa kila mstari, na skrini ya aina hii ni nzito kufuata kidole. Baada ya kurasa tatu unakiweka chini.

Kama kifaa ni hicho hicho na huna kingine, kuna njia ya kupunguza maumivu. Geuza skrini ilale, upana uwe sentimita 12. Kisha tumia kitufe cha kukata pembezoni, kwa sababu maandishi yenyewe kwenye A4 huchukua sentimita 16 tu, zilizobaki ni nafasi nyeupe. Ile saizi ya 12 sasa inaonekana kama 9, na 9 inasomeka. Utaona nusu ya ukurasa kwa wakati mmoja, si zaidi. Kishikwambi cha inchi 10 kinakupa kama 8 bila kukata chochote, tena na ukurasa mzima na rangi zake. Mwanafunzi mwenye rundo la makala za PDF asihangaike na kisoma-vitabu kidogo, hata kama kinasifiwa vipi.

Wengine hukimbilia kugeuza PDF kuwa EPUB kwa programu kama Calibre. Jaribu kwanza kitu kimoja: fungua PDF, bonyeza neno na ulishikilie. Likikubali kuchaguliwa, ndani mna maandishi na ubadilishaji unaweza kufaa. Lisipokubali, hiyo ni picha iliyoskaniwa, na bila programu ya kutambua herufi hutapata chochote cha maana. Hata yenye maandishi huja na kasoro zake: kichwa cha ukurasa na namba yake vinaingia katikati ya sentensi, majedwali yanavurugika, tanbihi zinakatiza aya. Riwaya hustahimili hayo. Kitabu cha hesabu hakistahimili.

Tukija kwenye kisoma-vitabu chenyewe, wengi hukidhania ni kishikwambi kilichonyimwa rangi. Sicho. Skrini yake imejaa vidonge vidogo, kila kimoja na upana unaokaribia unene wa unywele, na ndani ya kila kidonge mna umajimaji wenye chembe nyeupe na chembe nyeusi. Chembe hizo zina chaji zinazopingana, kwa hiyo umeme ukielekezwa upande mmoja nyeupe hupanda juu, ukigeuzwa nyeusi ndizo zinazopanda. Zikishapanda hukaa hapo hapo bila kuhitaji umeme tena. Ndiyo maana betri hudumu wiki kadhaa ilhali ya kishikwambi hudumu saa 10 hivi: umeme unaliwa pale tu unapofungua ukurasa, na kwa taa na Wi-Fi. Zima Wi-Fi usipopakua kitu, utaona tofauti.

Kutokana na utaratibu huo huo, utaona wakati mwingine kivuli cha ukurasa uliopita kimebaki kwa mbali nyuma ya maandishi mapya. Si ubovu. Ni chembe chache ambazo hazikusogea zote. Kwenye mipangilio mna sehemu ya kusafisha skrini kila ukurasa au kila sura. Ukichagua kila ukurasa, skrini itakonyeza nyeusi mara moja na kivuli kitaondoka, ila betri italiwa zaidi kidogo. Za rangi nazo zipo sasa, lakini zinapatikana kwa kuweka kichujio juu ya skrini, na kichujio hunywa mwanga: karatasi yake ni ya kijivu zaidi. Kwenye aina iliyoenea, maandishi meusi yana pikseli 300 kwa inchi, rangi zina 150 tu. Kwa majalada na katuni zinafaa. Kwa atlasi, hapana.

Kuhusu macho na usingizi, watu hutia chumvi. Taa ya kisoma-vitabu iko ukingoni na inamulika juu ya ukurasa, haimuliki macho kutokea nyuma ya kioo. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwishoni mwa 2014: watu 12 walisoma kwa saa nne kabla ya kulala, usiku mwingine kishikwambi, usiku mwingine karatasi. Waliosoma kishikwambi walichelewa kupata usingizi kwa dakika 10 hivi. Dakika 10 baada ya saa nne za mwanga mkali si balaa. Balaa la kishikwambi ni ule mlio wa ujumbe ulioingia katikati ya aya.

Kuna jambo moja ambalo maelezo ya vifaa hivi hayalitaji, kwa kuwa hayakuandikwa na wasomaji wa Kiswahili. Faili la EPUB hubeba ndani yake jina la lugha. Faili nyingi za Kiswahili zimeandikwa kuwa ni za Kiingereza, kwa uzembe wa aliyezitengeneza. Matokeo yake, kifaa hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na sauti ya kusoma ikiwashwa hutamka Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana. Kwenye Calibre tiba yake ni ya dakika moja. Chagua kitabu, bonyeza herufi E kwenye kibodi, tafuta sehemu ya lugha, andika Swahili, hifadhi, halafu ligeuze faili kutoka EPUB kwenda EPUB ili badiliko liingie ndani. Usiiruke hatua hiyo ya mwisho, la sivyo lugha inaweza kubadilika kwenye orodha ya kompyuta tu. Na kama kifaa hakina kanuni za kukata maneno ya Kiswahili, hakitayakata kabisa. Neno kama "yanayoshughulikiwa" litashuka zima kwenye mstari unaofuata na kuacha mapengo kama meno yaliyong'oka. Acha kunyoosha pande zote mbili, chagua maandishi yapangwe kushoto tu.

Kamusi nayo. Kwenye Kiingereza unagusa neno, maana inatokea. Ukigusa "hakumwelezea" hupati kitu, maana kamusi inalijua "eleza". Vua viambishi kichwani mwako, andika mzizi kwenye kisanduku cha kutafuta. Na ukitafuta "ng'ombe" ukaambiwa hayumo, usiamini haraka: kitabu kinaweza kuwa na ile alama iliyopinda, wewe umeandika iliyonyooka, na kwa programu nyingi hizo ni herufi mbili tofauti. Tafuta "ombe" peke yake.

Sasa karatasi, na hapa kuna ushahidi, si mapenzi tu. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000 wakalinganisha uelewa wa waliosoma kwenye karatasi na waliosoma kwenye skrini. Karatasi iliongoza kwa kiasi kidogo, hasa pale muda ulipobana na maandishi yalipokuwa ya kutoa maarifa. Kwa hadithi tupu tofauti haikuonekana. Mwaka uliofuata, mtafiti Anne Mangen na wenzake wakawapa wasomaji 50 hadithi moja ya kurasa 28, nusu kwenye kitabu, nusu kwenye Kindle. Kwa mengi walilingana. Waliosoma karatasi waliwazidi wenzao katika kupanga matukio kwa mfuatano wake. Haishangazi: ukiwa na kitabu mkononi, unene wa kushoto na wa kulia unakuambia uko wapi bila kuuliza, na kidole kimoja kinashika tanbihi wakati macho yako kwenye jedwali. Kwenye skrini kazi hiyo inataka kugusa mara tatu au nne, na mwisho wake mtu anaacha kurudi nyuma kabisa. Kitabu cha kiada, cha sheria, cha mapishi, cha mashairi: karatasi.

Gharama yake ni uzito. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ikikatwa A5, jani moja lina gramu 2.5. Kitabu cha kurasa 300 ni majani 150, yaani gramu 375 kabla ya jalada. Cha kurasa 800 kinafika kilo moja. Kisoma-vitabu cha inchi 6 kwa kawaida hakifiki gramu 220, kishikwambi cha inchi 10 kinakaribia nusu kilo. Anayesoma amelala chali ataujua umuhimu wa hesabu hii kikimwangukia usoni.

Ukinunua cha karatasi ili kikae, tazama kichwa cha mgongo wake. Ukiona vifurushi vya majani yaliyokunjwa, kinaelekea kuwa kimeshonwa. Ukiona ukingo ulionyooka uliozama kwenye gundi, kimebandikwa tu, na gundi hiyo hukauka na kupasuka mtu anapokilazimisha kufunguka katikati. Kikiwa kipya, simamisha mgongo mezani, laza jalada la mbele, laza la nyuma, kisha fungua majani machache ya mbele na machache ya nyuma kwa zamu, ukipitisha kidole taratibu kwenye mfereji, mpaka ufike kati.

Umiliki ni hoja nyingine isiyo na mapenzi ndani yake. Kitabu cha karatasi unakiazimisha, unakiuza, unakirithisha. Kitabu-pepe chenye kufuli, lile la kuzuia kisinakiliwe, ni ruhusa ya kusoma tu. Julai 2009 Amazon waliondoa nakala za vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle za wateja waliokwisha kulipa, kwa sababu muuzaji hakuwa na haki navyo, wakarudisha pesa. Mwaka 2019 Microsoft wakafunga duka lao la vitabu. Pesa zilirudi, vitabu vikatoweka. Kwa hiyo, panapowezekana nunua faili lisilo na kufuli, na uweke nakala yake nje ya kifaa. Vitabu vya zamani vilivyotoka kwenye hakimiliki unavipata bure, bila kufuli, Project Gutenberg, mradi ulioanza 1971.

Mwenye macho hafifu hana haja ya mjadala huu: herufi anayoweza kuikuza apendavyo inashinda yote niliyoandika juu ya karatasi.

Neno kwa anayenunua kisoma-vitabu kilichotumika. Omba kifunguliwe mbele yako kikiwa kimeondolewa kwenye akaunti ya mwenyewe, vinginevyo unaweza kubaki na kifaa usichoweza kukisajili. Fungua ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi wote: mstari mwembamba usioondoka unamaanisha skrini imepasuka ndani, hata kama juu ni laini. Skrini nyingi za aina hii zimelazwa juu ya kioo chembamba, na kinachozivunja mara nyingi ni kubanwa kwenye begi au kukaliwa, si kuanguka. Washa taa gizani utafute madoa ya giza pembeni. Mwisho, kama kimekaa miezi mingi bila chaji, kinaweza kugoma kuwaka: kiunganishe na chaja ndogo kwa saa kadhaa, halafu shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 40 kabla ya kusema kimekufa. Chako ukitaka kukiweka muda mrefu, kiweke kikiwa na chaji ya nusu.